Nani Anakula Kuku Wako Masika Hii? Soma Nyayo Kwanza, Ndipo Uzibe Banda

Masika yakianza huku pwani ya Tanzania, kuanzia Pongwe na Muheza hadi Kiwangwa na Zinga, maswali ni yaleyale. "Nafunga mlango kwa kufuli, mbona kuku wanakwisha?" "Nitege mtego gani?" "Sumu ipi inafaa?" Mwongozo huu ni wa mfugaji mwenye kuku wa kienyeji kumi hadi mia moja, banda la miti lililoezekwa bati au makuti, na pengine mbuzi wawili watatu nyuma ya nyumba.

Jibu fupi: usinunue hata msumari kabla hujamjua mwizi wako. Banda linalomshinda nguchiro halimshindi kanu, yule mnyama mdogo mwenye madoa anayefanana na paka, na linalomshinda kanu, nyegere mla asali atalifumua usiku huohuo. Wawindaji wa nchi za baridi hutoka alfajiri kusoma nyayo za mbweha kwenye theluji iliyoanguka usiku. Sisi hatuna theluji, lakini tuna tope kuanzia Machi hadi Mei, na tope likiandaliwa vizuri huonyesha mpaka ncha ya ukucha.

Kuhusu mitego na sumu, liishe mapema. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuwinda wala kutega wanyamapori bila kibali, na sumu imekatazwa. Hata sheria ingekaa kimya, sumu uliyomwekea kanu huliwa kwanza na mbwa wako, kisha na paka wa jirani, na ugomvi unahamia kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kazi yetu hapa ni kumnyima mnyama njia na sababu ya kuja.

Kwa nini masika hasa? Mvua ya usiku inafunika kelele, mbwa amejikunyata jikoni, udongo umelainika na kuchimbika kwa urahisi, fito za mwaka juzi zimeoza chini. Panya nao, mashimo yao yakijaa maji, huhamia bandani, na nyuma ya panya huja kanu na nyoka.

VITU VYA KUANDAA

- Mchanga ndoo 2 na udongo mwekundu ndoo 1, vyote vimechekechwa
- Ubao mnyoofu wa futi 2 wa kulainishia
- Rula, simu yenye kamera na tochi ya kichwani
- Bati kuukuu moja au mawili
- Wavu wa waya mgumu wa kuchomelewa, matundu ya nusu inchi
- Misumari ya umbo la U, papi za kukandamizia wavu, nyundo
- Makomeo 2 ya mlango, si moja
- Jembe, koleo, na mawe au matofali mabovu
- Pipa au ndoo kubwa yenye mfuniko unaobana
- Buti za mvua na glavu

Kama fedha ni chache, zitumie kwanza kwenye wavu mgumu. Ule wavu mwembamba wa matundu ya pembe sita, uliozoeleka kama waya wa kuku, unawazuia kuku wasitoke. Haumzuii mnyama asiingie. Mbwa anaupasua kwa meno, na upepo wa bahari unaula kwa kutu upesi.

HATUA YA 1: ASUBUHI YA TUKIO, USIFAGIE

Kosa la kwanza la kila mtu ni kufagia manyoya na kutupa mizoga kabla hajaangalia. Zuia watoto na mbwa wasikanyage. Piga picha, kisha uangalie mizoga yenyewe:

Kuku kadhaa wamekufa, wameumwa shingoni au kichwani, walioliwa ni mmoja au wawili: mara nyingi ni kanu au kicheche. Kuku wakipapatika ndani ya chumba kidogo, kanu huendelea kuua hata akiwa ameshapata chakula chake.

Kuku wametapakaa, migongo na mapaja yamechanwa, manyoya kila mahali, na nyama haikuliwa sana: ni mbwa. Wafugaji wengi hawapendi jibu hili, hasa mbwa akiwa wa kwao.

Kichwa hakipo, mwili umebaki ndani karibu na ukuta: kuku alilala ameegemea wavu wenye matundu makubwa, akavutwa kichwa kutoka nje. Hakuna mnyama aliyeingia. Tatizo ni matundu.

Kuku ametoweka, hakuna damu wala unyoya: chatu, mondo (paka wa porini mwenye miguu mirefu), fungo, au binadamu. Wa miguu miwili ni rahisi kumtambua, kwani huchukua majogoo wakubwa na kuwaacha vifaranga.

Mayai yametoweka bila ganda: kenge au nyoka, ambao humeza yai zima. Maganda yaliyovunjika na ute uliomwagika ni nguchiro, panya, au kuku mwenyewe aliyezoea kula mayai. Kabla ya kumlaumu mnyama wa porini, chungulia midomo ya kuku wako kama ina ute wa njano uliokauka.

Vifaranga wanapotea mchana, mmoja mmoja: kunguru, mwewe, nguchiro au kenge. Mjini Tanga na Bagamoyo anza na kunguru. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, wakaenea pwani yote, na hawamwogopi mama kuku hata kidogo.

HATUA YA 2: TANDIKA KITANDA CHA NYAYO

Mizoga inakupa mtuhumiwa. Nyayo ndizo zinazokupa ushahidi.

Changanya mchanga ndoo 2 na udongo mwekundu ndoo 1. Mchanga mtupu wa pwani ukikauka hubomoka na hautunzi alama. Udongo mtupu ukilowa huganda kwenye mguu wa mnyama na kufuta kila kitu. Nyunyizia maji kidogo hadi ukifinyanga donge lisimame bila kukuachia tope mkononi.

Tandaza mchanganyiko unene wa sentimita 2 hadi 3, upana wa sentimita 60, mbele ya mlango na mbele ya kila tundu unalolishuku. Lainisha kwa ubao. Kisha bonyeza kidole: mistari ya ngozi ya kidole ikionekana, kitanda kiko tayari. Isipoonekana, chekecha upya.

Juu yake simamisha bati kuukuu kwa vijiti, kimo cha sentimita 50 hivi, ili mvua isikipige. Likiwa chini zaidi, mnyama atalizunguka. Chini ya upenu mpana huhitaji bati. Tandika jioni kuku wakishalala, soma alfajiri kabla hujawafungulia, maana kuku mmoja tu akichakura hapo kazi yote imeharibika. Fanya hivyo usiku tatu au nne mfululizo, kwa kuwa mwizi haji kila siku.

HATUA YA 3: SOMA UNYAYO

Hapa ndipo watu hukosea vipimo. Kwenye tope mguu huteleza, na mdomo wa alama hupanuka. Pima sakafu ya unyayo, pale kiganja kilipotua, usipime ukingo wa juu. Paka wa kawaida akipimwa ukingoni hugeuka chui, na kijiji kizima hakilali. Weka rula kando ya unyayo, piga picha kutoka juu kabisa, na tochi uilaze ubavuni ili kivuli kionyeshe kina.

Jiulize maswali manne kwa mpangilio huu: Vidole vingapi? Kucha zipo? Urefu gani? Je, mkia umeburuzwa?

Vidole vinne, bila kucha, mviringo: jamii ya paka, au kanu. Unyayo wa kanu ni mdogo, karibu sentimita 2.5 hadi 3, na paka wa nyumbani anamkaribia sana. Kuwatofautisha, tazama juu: kanu hupenda kupita kwenye kenchi, matawi na paa, na wakati mwingine huacha kinyesi hukohuko juu. Unyayo wa namna hiyo wenye sentimita 4 hadi 5 ni mondo. Ukifika 7 na zaidi, ni chui, na hapo acha mambo ya banda, nenda sehemu ya mbuzi chini ya mwongozo huu.

Vidole vinne, kucha zinaonekana: mbwa, fungo, mbweha au fisi. Wa fungo ni karibu sentimita 5, na hana haraka. Hutembea njia ileile kila usiku na kujisaidia sehemu ileile. Ukikuta rundo moja kubwa la kinyesi lenye mbegu na vipande vya jongoo, umepata choo chake. Wa mbwa una ukubwa wa kila namna, na njia yake huzungukazunguka, anakwenda anarudi, ananusa. Fisi ana miguu ya mbele mikubwa kuliko ya nyuma.

Vidole vitano, kucha zinaonekana, unyayo mdogo: nguchiro. Kidole cha tano mara nyingi hakishiki vizuri, kwa hiyo angalia nyayo tano sita kabla hujaamua. Nguchiro wengi hutembea mchana, ila yule mkubwa mwenye mkia mweupe ni wa usiku. Vidole vitano na alama za kucha za mbele zimechanja udongo mbali mbele ya vidole, kama reki ndogo iliyopitishwa: huyo ni nyegere, na bajeti yako imeongezeka.

Mfereji katikati, nyayo pande zote mbili: kenge, ameburuza mkia. Mfereji mpana ulionyooka bila nyayo: chatu.

Alama ndogo nyingi zinazozunguka magunia ya chakula: panya. Usizidharau. Panya ndiye chambo.

HATUA YA 4: ACHA KUMWITA

Mwindaji anayeita wanyama hutumia sauti ya mnyama mdogo anayelia na harufu ya nyama. Mfugaji hufanya hivyo kila usiku bila kujua, kisha hushangaa wageni wanatoka wapi.

Utumbo wa samaki na vichwa vya dagaa visitupwe nyuma ya banda. Fukia kina cha nusu mita na uweke jiwe juu. Kifupi zaidi ya hapo, mbwa na fungo watafukua. Mizoga ya kuku fukia vivyo hivyo, mbali na banda na mbali na kisima.

Pumba, mashudu na dagaa wa kusaga viingie kwenye pipa lenye mfuniko. Chakula kilichobaki kwenye vyombo jioni kitolewe, hata kama ni kiganja kimoja.

Mafenesi na mapapai yaliyoanguka yaokotwe kila jioni. Fungo hula matunda kama anavyokula kuku, na huja kwa fenesi kwanza.

Vifaranga wanaolia usiku kwa baridi ni mwito mkubwa kuliko yote. Wape maranda makavu sentimita 5 hadi 8 na mahali pasipopulizwa na upepo. Vifaranga wenye joto hunyamaza.

HATUA YA 5: TAFUTA NJIA

Ingia bandani saa sita mchana, funga mlango, kaa dakika tano mpaka macho yazoee giza. Kila mwanga unaouona ni njia. Weka chaki. Kisha tia vidole: tundu linalopitisha vidole viwili pamoja, panya na nyoka wadogo wanapita. Linalopitisha ngumi, hesabu kuwa ni mlango wa kanu. Tafuta nywele zilizonasa na mng'ao wa mafuta ukingoni. Tundu linalotumika huwa safi, halina utando wa buibui.

Usisahau makuti. Chini yanaonekana mazito, lakini pale yanapokutana na ukuta, kanu hupenya kwa kusukuma kichwa tu.

HATUA YA 6: ZIBA, KUANZIA CHINI

1. Chimba mtaro kuzunguka banda, kina sentimita 30. Shusha wavu wa nusu inchi hadi chini, ukunje sentimita 30 kuelekea nje, kisha ufukie na kushindilia. Mnyama huchimba pale ukuta unapogusa ardhi. Akikuta wavu chini ya miguu yake hajui kurudi nyuma akaanze mbali.

2. Ardhi ikiwa ya mchanga mtupu au ina maji karibu, usichimbe. Laza wavu juu ya ardhi upana wa sentimita 60, uubane ukutani, upange mawe juu. Kwa nyegere ongeza hadi sentimita 90, na mawe yawe ya kubebwa kwa mikono miwili.

3. Pandisha wavu ukutani angalau sentimita 60 kutoka chini. Pigilia misumari ya U kila sentimita 10, kisha kandamiza ukingo kwa papi. Wavu ulioshikwa na misumari mitatu hung'olewa kwa mvuto mmoja.

4. Paa. Nafasi kati ya ukuta na bati zibwe kwa wavu, zisizibwe kwa mbao. Kuku wanahitaji hewa, na masika banda lisilopumua huleta mafua kabla kanu hajafika. Kama ni makuti, tandika wavu chini yake, juu ya kenchi, ubaki kama dari.

5. Kata matawi ya mwembe na makuti ya mnazi yanayoinamia banda, mpaka ibaki nafasi ya mita 2 hadi 3. Mnazi wenyewe ulio karibu uvike bati laini upana wa sentimita 60, kimo cha mtu.

6. Mlango. Komeo moja juu, moja chini, na kizingiti cha ubao au zege. Pengo chini ya mlango lisizidi unene wa kidole. Komeo la kusukuma tu nyegere hulifungua; weka la kuzungusha lenye pini.

Banda la juu ya nguzo ni bora kuliko yote hapa pwani, kwani linakwepa maji, uchimbaji na siafu kwa pamoja. Kimo cha mita 1, kila nguzo ivikwe bati upana wa sentimita 45. Ngazi iondolewe usiku. Hili husahaulika mno, na ngazi iliyobaki inafuta gharama yote ya bati.

HATUA YA 7: RATIBA

Adhana ya Magharibi ikilia, mlango uwe umefungwa. Hesabu kuku kwanza. Aliyelala mwembeni ashushwe. Asubuhi usifungue kabla ya saa moja, maana alfajiri ndipo wa usiku wanaporudi kwao na wa mchana wanapoanza.

Taa ya sola inayometa husaidia kwa siku chache, halafu mnyama anaizoea. Ukiwa nayo, ihamishe kila baada ya usiku mbili tatu.

MBUZI

Kwa kifupi, kwa sababu kinga yake ni nyingine. Mbuzi walale ndani ya zizi lenye paa, kwa kuwa chui huruka ukuta lakini hapiti dari. Wakazi wa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Saadani wasijaribu kumfuata chui wala fisi kwenye kichaka. Usiguse mzoga, piga picha ya nyayo pamoja na rula, toa taarifa ofisi ya kijiji siku hiyohiyo ili imfikie afisa wanyamapori wa wilaya. Mifugo ikiuawa na wanyama wakali, serikali ina utaratibu wa kifuta jasho, lakini bila taarifa ya mapema na ushahidi hakuna cha kujadili.

IKIGOMA

Kuku wanapotea, kitanda hakina unyayo. Mnyama anapitia juu, au ni mtu. Tandaza majivu makavu juu ya kenchi na kwenye ukingo wa ukuta. Yakibaki safi na kuku akapungua, badilisha kufuli na usimwambie mtu.

Alizuiwa wiki mbili, sasa amerudi. Mvua imefukua udongo juu ya wavu, au kutu imekula maungio. Zunguka banda kila baada ya mvua kubwa, vuta wavu kwa mkono kila hatua moja. Paka rangi ya kuzuia kutu kabla ya masika, si katikati.

Chatu yumo ndani na amevimba. Alipita akiwa mwembamba, sasa tundu halimtoshi. Toa kuku waliobaki, fungua mlango wazi, ondoka, au mwite afisa wanyamapori. Ukimsumbua atatapika kuku na kukuvamia, na kuku huyo haliki tena.

Siafu wameingia usiku. Toa vifaranga kwanza, mengine baadaye. Nguzo za banda zisimamishwe ndani ya makopo yenye maji na mafuta kidogo juu. Baada ya kila mvua angalia: kopo likifurika mafuta huondoka, na jani moja lililoangukia ndani ni daraja. Majivu hufanya kazi yakiwa makavu tu.

Kuku wanakufa ila hawana jeraha. Huyo si mnyama. Fikiria mdondo, yaani ugonjwa wa Newcastle. Chanjo ya I-2 hutolewa kwa tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, na kundi lote lichanjwe siku moja. Kuku aliyeanza kuugua chanjo haimponyi.

Kunguru bado wanachukua vifaranga. Wafungie na mama yao ndani ya tenga au kizimba chenye wavu juu kwa wiki sita. Kamba za kumetameta huwashangaza kunguru siku mbili tu.

Mnyama anakuja mchana, hana woga, anayumba au anauma chochote. Usimkaribie, awe mbweha, nguchiro, nyegere au mbwa. Chukulia kuwa ana kichaa cha mbwa. Ingiza watoto ndani na utoe taarifa kwa afisa mifugo. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kupata chanjo, hata kama jeraha ni dogo kiasi gani. Mzoga wa mnyama huyo usishikwe kwa mikono mitupu, na mbwa wako wote wachanjwe wiki hiyo.